Volti Sahihi kwa Kipimajoto cha Friza



Anayegandisha pweza na samaki wa Msimbati au Mikindani huitegemea namba moja: nyuzi 18 chini ya sifuri. Leo tunaeleza kwa nini kioo cha kipimajoto kinaweza kuonyesha namba hiyo ilhali friza ina joto zaidi.

Katika vipimajoto vya bei nafuu vinavyoungwa na mafundi, kihisi hutoa volti ndogo inayobadilika kwa kufuata joto. Aina moja hutoa milivolti 500 kwenye nyuzi 0, na milivolti 10 huongezeka au kupungua kwa kila nyuzi moja. Kwenye −18, basi, hutoa milivolti 320. Kisomaji hulinganisha volti hiyo na umeme unaokiendesha, kwa kuamini kwamba ni volti 5 kamili. Umeme huo ndio jiwe la mizani yake.

Mara nyingi umeme huo hutoka kwenye chaja ya simu. Chaja inayotoa volti 5.25 bado ni nzuri kwa simu. Lakini hapo kioo kitaandika −18 wakati joto halisi ni takriban −16.4. Chaja haina kosa. Kosa ni kuifanya jiwe la mizani.

Stabilaiza haiondoi tatizo hili. Kazi yake ni kuilinda friza pale volti 230 za ukutani zinapopanda na kushuka. Haisahihishi volti 5 za chaja.

Kabla ya kulipa, tunawashauri mumuulize muuzaji mambo mawili. Kwanza, je, kisomaji kina volti rejea yake, isiyotegemea chaja? Yenye usahihi wa asilimia 1 hupunguza kosa tulilolitaja hadi takriban theluthi moja ya nyuzi. Pili, kama haina, je, kihisi ni cha ukinzani, kinacholishwa na umeme uleule unaotumiwa kupimia? Katika saketi ya namna hiyo volti ikipanda, vyote viwili hupanda pamoja, na jibu halibadiliki.

Kisha jaribuni wenyewe. Pondeni barafu ya maji baridi yasiyo na chumvi, tieni maji safi kidogo, mfunge kihisi ndani ya mfuko wa plastiki na kukizamisha kwa dakika kumi, huku mkikoroga. Barafu inayoyeyuka ina nyuzi 0. Kipimajoto tulichokitolea mfano kingeandika takriban −2.4. Msitumie barafu ya maji ya bahari, kwa kuwa chumvi hushusha joto lake. Rudieni jaribio kwa chaja nyingine: namba ikibadilika, kipimajoto hicho kinaitegemea chaja.

Daini risiti inayotaja aina ya kifaa na usahihi ulioahidiwa. Samaki aliyeharibika hafufuki, lakini risiti humwezesha mnunuzi kudai haki yake.