Taa za Miche: Kuwasha na Kuzima

Leo tunazungumza na wanaootesha miche ya mboga ndani ya nyumba, chini ya taa za umeme.

Miche mingi hustawi ikimulikwa saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha iachwe gizani. Mwanga ukiwa hafifu, mche hurefuka kuutafuta, shina likawa jembamba na kulala. Hapo usikimbilie mbolea. Shusha taa, ila isiunguze majani.

Wapo wanaowasha usiku kucha wakidhani wanaharakisha. Kwa nyanya hiyo ni hasara tupu: ikimulikwa saa 24 mfululizo, majani hugeuka manjano na mche hudumaa. Spinachi nayo (ile halisi, si ya majani mapana tuliyoizoea sokoni) ikipata siku ndefu kupita saa 14 hivi hukimbilia kutoa maua.

Vitunguu ndivyo vyenye mtego. Aina tunazolima Afrika Mashariki ni za siku fupi, maana huku jua hukaa karibu saa 12 mwaka mzima. Vimulike saa 16, vitaanza kutunga tunguu kabla havijapata majani ya kutosha, na utavuna vidogo. Visizidi saa 12.

Kwa nyanya, kabichi na pilipili hoho, washa saa 12 asubuhi, zima saa 2 usiku. Kama wewe ni msahaulifu, nunua swichi yenye saa ikufanyie kazi hiyo.