KUIJUA NCHI YA MBALI KWA KITABU



Mwaka 1931 Martin Kayamba, pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Mwaka 1932 kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilipigwa chapa. Kwacho, mtu wa Rungwe asiyepata kupanda meli aliweza kuiona Uingereza.

Lakini angalieni. Mgeni afikaye Tukuyu wakati wa masika ataandika kwamba kwetu jua haliwaki. Akila nyama arusini, ataandika kwamba twala nyama kila siku. Basi nawaambia wanafunzi wangu: msomapo habari za ugenini, ulizeni, mwandishi alikaa siku ngapi, na jikoni aliingia?