Ushahidi wa Umri wa Mtoto

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, leo twapenda kukumbushana juu ya neno ambalo ulimi hulitamka kwa wepesi, nalo ni umri wa mtoto.

Siku ya vita vya Uhud, Abdullah bin Umar alijileta mbele ya Mtume (S.A.W.) ili aingie jeshini. Umri wake ulikuwa miaka 14. Mtume akamrudisha. Katika vita vya Khandaq, alipotimiza miaka 15, akamruhusu. Tuzingatie: kijana alitaka mwenyewe, na Waislamu walikuwa wachache. Hata hivyo, haja ya watu wazima haikufanywa sababu ya kumtwika mtoto mzigo usio wake.

Sasa tutazame kwetu. Tangu Kahama hadi Nyarugusu na machimbo mengine ya Geita, wapo watoto wanaoshuka katika maduara, wanaoponda mawe, na wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki ikichomwa, mvuke wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, nayo yakataza mtoto kufanya kazi ya uchimbaji madini. Basi akiulizwa miaka yake, mtoto hufundishwa kujibu: "Kumi na minane." Ni nani aliyemfundisha? Mara nyingi ni sisi wenyewe: baba, mjomba, au mwenye duara.

Uongo huu haukomei machimboni. Siku kijana huyo anapokamatwa na kiroba cha mawe ya dhahabu yasiyo yake, huwajibu polisi kama alivyozoeshwa. Akiandikwa mtu mzima, atalala mahabusu pamoja na wakubwa, na gereza litamngoja. Lau ukweli ungalisemwa, sheria ile ile ingalimkinga: angalitengwa na watu wazima, na shauri lake lingalisikilizwa katika Mahakama ya Watoto, mzazi wake na afisa wa ustawi wa jamii wakiwapo. Wala asingalihukumiwa kifungo. Angaliweza kurudishwa chini ya uangalizi, au kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya.

Huenda mtu akasema kwamba huku ni kutetea wizi. Hasha! Wizi ni haramu, na mwenye mali ana haki yake. Lakini kumwadabisha mtoto ni jambo moja, na kumwangamiza ni jambo jingine. Mwingine atasema kwamba njaa haiulizi umri. Twaijua njaa hiyo. Mvua hukosekana, na bei ya pamba huanguka. Lakini njaa ya nyumba moja ni deni la jirani zake, na ndiyo maana tumeamrishwa zaka na sadaka. Si deni la kulipwa na mtoto chini ya ardhi.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuwaandikishe watoto wanapozaliwa na kuvitunza vyeti vyao. Pili, mtoto akikamatwa, mzazi asijifiche kwa aibu. Afike kituoni na mahakamani, aseme kweli. Na kwa kuwa wengi wa vijana hawa wametoka mbali, wazee wa msikiti wasimame mahali pa wazazi, wakichukua hata daftari la madrasa lionyeshe umri wake. Tatu, akirudi tumpokee, tumtafutie fundi wa kumfunza kazi, wala tusimwite mwizi barazani.

Surat An-Nisaa yatuamrisha kusimama na haki katika ushahidi, hata ukweli ukituumiza wenyewe. Umri wa mtoto ni ushahidi, nasi tutaulizwa tulivyoutoa.

Ewe Mola wetu, walinde watoto wetu, uwaongoze waliopotoka miongoni mwao, na utupe ndimi za kweli. Amin.