Saratani ya Urithi na Upande wa Baba

Saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Wagonjwa ambao ugonjwa wao umetokana na jeni yenye kasoro waliyoipokea kwa mzazi wanakadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 10. Kipindi hiki kinawahusu hao wachache na jamaa zao.

Jeni ni sehemu ya vinasaba inayobeba maelekezo ya kuunda protini mwilini. Mwaka 1990 mwanajenetiki wa Marekani, Mary-Claire King, baada ya kuzifuatilia kwa miaka mingi familia zenye wagonjwa wengi, alionyesha kwamba jeni iliyokuwa ikitafutwa imo katika kromosomu ya 17. Jeni hiyo, BRCA1, ilitambuliwa barabara mwaka 1994, na BRCA2, iliyomo katika kromosomu ya 13, ikafuata mwaka 1995. Zikiwa nzima, jeni hizi ni walinzi, kwa kuwa protini zake hurekebisha vinasaba vilivyokatika, na seli iliyopoteza uwezo huo hulimbikiza makosa hadi ikaanza kugawanyika ovyo.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hizo, moja ya mama na moja ya baba, na mwenye nakala moja mbovu ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto, awe wa kike au wa kiume. Hapo ndipo historia ya ukoo inapochukuliwa nusu nusu: mgonjwa huulizwa habari za mama, dada na mama wadogo, huku shangazi na bibi mzaa baba wakisahauliwa, kana kwamba matiti hurithiwa kwa wanawake peke yao. Mwanamume mwenye kasoro hiyo aweza kuishi asiugue, ingawa hatari yake ya saratani ya tezi dume, na hata ya titi, huongezeka. Naye akizaa wavulana watupu, ukoo huonekana salama mpaka wajukuu wa kike wafikie utu uzima.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba, hadi umri wa miaka 80, wanawake 72 katika kila 100 wenye kasoro ya BRCA1 hupata saratani ya matiti na 44 ya ovari, yaani viungo vinavyotunza mayai ya uzazi. Kwa BRCA2 ni 69 na 17. Titi huweza kuchunguzwa kila mwaka, lakini ovari haina kipimo cha kutegemewa cha kugundua ugonjwa mapema, na kwa sababu hiyo wenye kasoro ya BRCA1 hushauriwa kuondolewa ovari pamoja na mirija yake wakiwa na miaka 35 hadi 40, wakishamaliza kuzaa, japokuwa upasuaji huo huleta ukomo wa hedhi papo hapo.

Upimaji wa jeni hizi hufaa kuanzia kwa jamaa aliyekwisha kuugua. Kasoro yake ikijulikana, wengine hutafutiwa hiyo hiyo, na asiyekuwa nayo hubaki na hatari inayokaribia ya watu wote. Asipopatikana jamaa huyo, jibu la kutoonekana kasoro halimtoi mtu shakani.