Makala Moja kutoka Mweka na Vipimo vya Utafiti

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha makala ya kurasa nne iliyoandikwa na watu wawili. Wa pili alikuwa Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Wa kwanza alikuwa Erasto Mpemba, na anwani yake ilikuwa ya chuo cha wanyamapori cha Mweka, Moshi. Alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyama, wala si fizikia.

Jambo lenyewe lilianzia shule ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, Mpemba akiwa kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingizwa kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake aliweka ya kwake bila kuyachemsha, na Mpemba, akihofia kukosa mahali, akaweka ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alichekwa darasani. Watengenezaji wa aiskrimu wa Tanga mjini, kwa upande wao, walikuwa na desturi ya kugandisha maziwa ya moto. Osborne alipozuru Mkwawa, Mpemba alimuuliza swali lilelile. Mgeni huyo hakulipuuza. Alirudi Dar es Salaam, maji yakapimwa kwa bika, na yale yaliyoanza na nyuzi 25 za Selsiasi yakachelewa kuliko yote kuanza kuganda, huku ya karibu nyuzi 90 yakitangulia kwa mbali.

Sasa tuje kwenye vipimo vinavyotumika kupimia uzito wa makala kama hiyo. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Marekani alitoa faharasa ya kwanza kubwa ya marejeo ya kisayansi, na tangu hapo ikawezekana kuhesabu ni mara ngapi makala imetajwa na makala nyingine. Mwaka 2005 Jorge Hirsch akapendekeza kipimo cha h: mtafiti ana h ya 10 akiwa na makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10. Kwa hesabu hiyo mwenye makala moja hawezi kuvuka 1, hata ikitajwa mara elfu. Fani nazo hazilingani. Katika epijenetiki, makala ya mtafiti Steve Horvath ya mwaka 2013 kuhusu saa ya umri, yaani kipimo cha umri kinachosomwa katika metili za DNA, imerejelewa mara maelfu, kwa kuwa maabara nyingi za tiba huitumia kama chombo cha kazi. Kuilinganisha na makala ya ualimu wa fizikia kwa tarakimu tupu ni kosa.

Hesabu hiyo pia haitofautishi sifa na shaka. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima upya maji ya moto na ya baridi, na hawakupata ushahidi wa maana wa athari ya Mpemba, kama jambo hilo linavyoitwa. Makala yao ya kupinga ni rejeo kama rejeo lingine. Mwaka uliofuata Lu na Raz walitoa nadharia inayoonyesha jinsi mfumo wenye joto zaidi unavyoweza kutangulia kupoa, na mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer walilionyesha jambo hilo kwa chembe ndogo zilizo ndani ya maji. Leo hata wanafizikia wa kwanta hutumia jina la athari ya Mpemba.

Hapo ndipo hesabu inapovuja. Mwanasosholojia Robert Merton alieleza kwamba wazo likishazoeleka sana, watu hulitumia bila kutaja lilikotoka. Jina hubaki katika kichwa cha makala, na rejeo likakosekana mwishoni. Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa mtafiti wa Afrika mwenye makala moja, kwani hana nyingine ya kuziba pengo. Anayeandika juu ya athari ya Mpemba aitaje makala ya 1969 kwa ukamilifu: juzuu la 4, kurasa 172 hadi 175.