Zana za Kuazimana na Bunduki za Kujitengenezea: Hatia Inaanzia Wapi?

Mhadhara wa umma, Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma



Swali langu leo ni moja. Mtu akimwazima mwenzake drili, au akimtumia mchoro kwa simu, kisha mwenzake akaunda bunduki, yule wa kwanza ana kosa gani? Na kama analo, lilianza alipoazima, alipojua, au bunduki ilipokamilika?

Ugomvi wa nani ashike bunduki si mgeni katika kaunti hii. Mwishoni mwa 1894, kikosi cha Waingereza kutoka Mumias kilikuja kuwadai Wabukusu bunduki, kikaangamizwa Lumboka. Mwaka uliofuata ofisa wao Charles Hobley akaja na jeshi kubwa zaidi, na ngome ya Chetambe, kule Webuye, ikaanguka. Bunduki zile zilikuwa za kiwandani, zimetoka ng'ambo. Aliyetaka kuzizuia aliweza kuzifuata njiani na kuzihesabu.

Mambo yalibadilika wakati wa Mau Mau. Wapiganaji wa misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walipokosa bunduki za kununua au kunyang'anya, walijitengenezea kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Hakuna kitu katika orodha hiyo ambacho maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Kitale hayauzi. Wakoloni hawakuweza kupiga marufuku mabomba ya maji, kwa hiyo waliukazia macho mkono unaoshika. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kupatikana na silaha kulikuwa kosa la kunyongwa. Kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alipokamatwa Oktoba 1956, alishtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, tunayoitumia hadi leo, ilianza kufanya kazi mwaka 1954, katikati ya Hali hiyo ya Hatari. Imefanyiwa marekebisho mengi, ila jicho lake bado liko mkononi. Kifungu cha 4 kinamkataza yeyote kununua, kupata au kuwa na bunduki bila cheti. Tafsiri ya bunduki katika kifungu cha 2 inajumuisha hata sehemu zake, hivyo mtutu peke yake unatosha kukufikisha kizimbani. Wala sheria haiulizi kama uliiunda kwa biashara au kwa kujifurahisha. Uraibu si utetezi.

Tazameni kesi ya namna hii inavyoendeshwa. Mezani pa hakimu kunawekwa kielelezo: bomba lililokatwa, kitako cha mti, waya umezungushwa. Wakili wa utetezi anasema hicho ni chuma chakavu. Mtaalamu wa silaha anasoma ripoti yake: alikijaribu, kikafyatua. Basi hiyo ni bunduki, hata kama imefungwa kwa waya. Kipimo ni kufyatua, na ni kipimo kizuri kwa kuwa kila mtu anakielewa.

Kipimo hicho hakimfikii aliyeazima drili. Huyo anafikiwa na kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomhesabu kuwa mkosaji mkuu yeyote anayetenda jambo kwa kusudi la kumwezesha mwingine kutenda kosa, anayemsaidia au anayemshawishi. Uzito wote uko kwenye kusudi. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba mwazimishaji alijua na alikusudia. Kuhusu mchoro wa kidijitali, Sura ya 114 iko kimya. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, inaharamisha kuunda au kuunganisha silaha bila leseni au bila alama, lakini iliandikwa kabla mashine za kuchapa vitu vya plastiki hazijaingia majumbani.

Wenzetu wamejaribu njia tofauti. Mwaka 2013, Cody Wilson wa Texas alipoweka hadharani mchoro wa bastola ya kuchapwa, serikali ya Marekani ilimwamuru auondoe kwa kutumia kanuni za kusafirisha silaha nje, na kesi zikaendelea kwa miaka. Jimbo la New South Wales, Australia, liliamua mwaka 2015 kwamba kuwa na mchoro wenyewe ni kosa, ingawa liliacha nafasi ya utetezi kwa asiyejua. Kanada, mwaka 2023, ililifunga kosa la kuwa na mchoro na kusudi la kuunda au kusambaza silaha.

Mimi naungana na Kanada, na sababu yangu iko karibu na hapa. Machi 2008 jeshi lilipanda Mlima Elgon katika Operesheni Okoa Maisha, kulikabili kundi la SLDF lililokuwa likiua watu katika mgogoro wa ardhi ya Chebyuk. Wanaume walizolewa kwa maelfu, mwenye silaha na asiye nayo, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika juu ya mateso katika kambi ya Kapkota. Methali ya samaki mmoja akioza inafaa sokoni, mahakamani haifai. Sheria isiyotofautisha anayejua na asiyejua humpa polisi ruhusa ya kuzoa mtaa mzima wa mafundi.

Mtaniambia kwamba Julai 2022 Shinzo Abe, waziri mkuu wa zamani wa Japani, aliuawa kule Nara kwa bunduki ya kujitengenezea, katika nchi yenye sheria kali kuliko zetu. Ni kweli. Lakini aliyemuua aliiunda nyumbani kwake, na hakuna sheria ya kuazimana zana ambayo ingemzuia.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa wabunge wetu. Kwanza, Sura ya 114 iongezwe kosa lililo wazi: kumpa mtu sehemu, zana au mchoro huku ukijua kwamba anakusudia kuunda silaha bila leseni. Kosa hilo likiandikwa kwa maneno finyu, litapita kipimo cha Ibara ya 24 ya Katiba kuhusu kuwekea haki mipaka, na halitamgusa mwanafunzi anayesoma kuhusu silaha. Pili, fundi aliyeletewa kazi ya kutilia shaka, akaikataa na kuripoti, alindwe kwa sheria asigeuzwe mshukiwa. Leo fundi anayenyamaza hafanyi hivyo kwa kuwapenda wahalifu. Anajua kwamba akifika kituoni na habari ile, swali la kwanza litakuwa: wewe ulijuaje?

Sasa naomba maswali, na mafundi waanze.