Wauguzi Wetu na Sheria



Neno nililoombwa kulieleza leo ni sheria ya kazi ya uuguzi katika Kenya, na sababu zitupasazo kuunga mkono iongezewe nguvu. Wako wasemao kwamba shauri hili ni la madaktari na wabunge tu. Lakini mtu akilazwa hospitali, daktari humpitia kisha akaenda zake. Muuguzi ndiye akeshaye naye, ampaye dawa kwa saa yake, na atambuaye kwanza kwamba homa imezidi. Wauguzi wakiwa haba, anayeumia ni mgonjwa.

Kwanza yafaa tufahamu sheria tuliyo nayo. Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983 inahusu mafunzo yao, kuandikishwa kwao, leseni na mwenendo wao, chini ya Baraza la Wauguzi. Kwa sheria hiyo mgonjwa anaweza kuamini kwamba amchomaye sindano amefundishwa na kutahiniwa. Tena sheria hiyo inataja kusudi jingine: kuhakikisha kwamba wauguzi wanashiriki kwa ukamilifu katika kutunza afya ya watu.

Kusudi hilo la pili bado halijatimia. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilipatana kwamba wauguzi wa Kenya wasio na kazi waweze kwenda kuajiriwa huko. Basi na tujiulize: yawezekanaje muuguzi akose kazi, na wagonjwa wamejaa wodini? Sababu si kukosa wagonjwa, bali ni kukosa nafasi zilizotengewa mshahara. Daftari la majina halimuuguzi mtu.

Kwa hiyo sheria yenye nguvu haina budi kuwa na mambo matatu. La kwanza, iweke kiwango cha wauguzi kwa hesabu ya wagonjwa, na kila kaunti, ambazo tangu mwaka 2013 ndizo zenye kuendesha hospitali nyingi za umma, ionyeshe kiwango hicho katika makadirio yake ya fedha. La pili, iweke njia ya haki na ya haraka ya kuamua madai ya mishahara. Mwaka 2017 wauguzi waligoma tangu Juni hata Novemba, na mama wajawazito wasio na fedha za hospitali za watu binafsi ndio waliotaabika. La tatu, iwasaidie kwa karo vijana wa sehemu za mbali, kama Turkana na Mandera, kwa mapatano ya kurudi kutumika kwao miaka kadhaa, nao wapewe nyumba na posho ya mazingira magumu.

Mtu atauliza, fedha zitatoka wapi? Swali hili ni la haki. Lakini kumfundisha muuguzi kwa miaka mitatu au minne, kisha kumwacha akae bure, nako ni kupoteza fedha. Wala hatusemi wazuiwe kwenda ng'ambo. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 zinakubali uhuru wao wa kuhama, pamoja na kuzihimiza nchi kufundisha na kutunza watumishi wao wenyewe. Njia njema ya kumzuia mtu asiondoke ni kumpa sababu ya kukaa. Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kiwezekanacho. Katiba hiyo hiyo yataka wananchi washirikishwe katika kutunga sheria. Basi mkutano wa maoni juu ya makadirio ya kaunti utakapoitishwa karibu nanyi, nendeni. Ulizeni swali moja: zahanati yetu ina wauguzi wangapi, na yapaswa kuwa na wangapi? Jibu liandikwe, na mwaka ufuatao mlidai.